Msitu ulio kimya haumtulizi aliyewahi kukimbia

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Busia kila siku hawahitaji mtu wa kuwaeleza maana ya kelele. Alfajiri, kabla hata chai haijachemka, trela zimeshaanza kunguruma kwenye foleni ya forodha. Ikifika saa mbili, spika ya muuza dawa ya panya inaanza kurudia maneno yale yale na haichoki mpaka jioni. Juu yake weka honi za boda boda, jenereta za vinyozi umeme unapopotea, na mhubiri mwenye kipaza sauti chini ya mwembe. Usiku ukiingia, vilabu vya muziki vinapokezana na mikesha ya maombi. Mama wa watu anauza, anahesabu shilingi za nchi mbili, anabishana na mteja, na yote hayo anayafanya kwa kupayuka.

Tumezoea, ndivyo tunavyosema. Lakini mwili hauzoei upesi kama ulimi unavyodai. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu kelele katika makazi ya watu, na ndani yake likasema kwamba darasani, wakati wa kipindi, kelele za nyuma zisizidi desibeli 35. Hicho ni kiwango cha mnong'ono. Mwaka 2018 ofisi ya shirika hilo barani Ulaya ikapendekeza kwamba wastani wa kelele za barabarani uwe chini ya desibeli 53, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni magonjwa ya moyo. Mimi ni mwalimu. Nafundisha Kiswahili upande wa Tororo, katika darasa ambalo madirisha yake yanatazama barabara ya malori yaendayo Malaba, na nawahakikishia wasomaji kwamba siku ya kufundisha kwa mnong'ono bado haijafika.

Nimeanza na kelele kwa sababu nataka kuzungumzia dawa inayotangazwa siku hizi kuwa ndiyo tiba yake. Kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kupata saa nzima za mvua inayonyesha, mawimbi yanayopiga ufuko, au ndege wanaolia msituni, zote zikiwa zimerekodiwa ili mtu atulie na apate usingizi. Katika nchi zenye uwezo wamekwenda mbali zaidi. Mtu anavaa miwani mizito kama ya mchomeleaji, anawekewa visikizi masikioni, na ghafla anajiona yumo msituni. Akigeuza kichwa, msitu nao unageuka. Huo ndio uhalisia pepe, na kuna hospitali na vyuo vikuu vinavyoutumia kuwapunguzia watu mfadhaiko.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu wenye muda wa kuchezea. Sikubaliani nao. Utafiti upo, na una jambo moja ambalo sisi wa mpakani, hasa sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, tunaweza kulielewa vizuri kuliko hata waliolifanyia utafiti.

Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi wakiongozwa na Matilda Annerstedt walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua watu 30, wakawatia wasiwasi makusudi kwa kuwataka wahutubie na kufanya hesabu za kichwa mbele ya jopo la watu wa kwenye kompyuta. (Walimu wenzangu wanajua hakuna kinachomtoa mtu jasho kuliko hesabu ya kichwa mbele ya watu.) Kisha wakawagawa katika makundi matatu ili wapumzike. Kundi la kwanza lilitiwa ndani ya msitu wa kompyuta pamoja na sauti zake. Kundi la pili lilipewa msitu ule ule, miti ile ile, ila bila sauti yoyote. Kundi la tatu lilikaa tu. Muda wote mapigo ya moyo na hali ya miili yao vilikuwa vikipimwa.

Matokeo? Mishipa ya fahamu inayoutuliza mwili baada ya hofu ilionekana kuamka kwa wale waliopewa msitu wenye sauti. Waliopewa msitu wa kimya hawakuonyesha nafuu hiyo, ingawa macho yao yaliona uzuri ule ule.

Watu 30 ni wachache, na sitaki mtu akaandike ukutani mwa zahanati kwamba jambo limethibitishwa. Lakini si jaribio hilo peke yake. Mwaka 2010 Jesper Alvarsson na wenzake, huko huko Uswidi, waliwafadhaisha watu kwa hesabu kisha wakawasikilizisha ama sauti za maji na ndege, ama kelele za barabara. Dalili zinazopimwa kwenye ngozi, zile za jasho la wasiwasi, zilielekea kutulia upesi zaidi kwa waliosikia maji na ndege. Mwaka 2021 kundi la Rachel Buxton lilikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuona kwamba sauti za maji ndizo zilizofanya vizuri zaidi katika kuinua hali ya mtu, na za ndege katika kupunguza mfadhaiko na kero. Mwaka 2022 Emil Stobbe na wenzake nchini Ujerumani waliwapa watu 295 dakika sita tu za kusikiliza, kila mtu kwa kompyuta na visikizi vyake. Waliosikia ndege, wasiwasi wao ulipungua. Waliosikia magari, huzuni iliongezeka.

Dakika sita! Dereva wa trela pale mpakani anasikia magari siku nzima, na foleni ikiwa ndefu anayasikia siku tatu.

Sasa turudi kwenye ule msitu wa kimya, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwa nini picha nzuri ya miti isimtulize mtu? Mwanasayansi anaweza kusema mengi kuhusu ubongo. Mimi nina maelezo yangu, na sikuyapata katika kitabu chochote.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka mwaka 1987. Vikosi vya Alice Lakwena vilifika sehemu zetu za Tororo kabla ya kushindwa karibu na Jinja. Nilikuwa na miaka minane. Familia yetu, kama familia nyingi, ilihama usiku kuelekea Kenya. Desemba mwaka huo huo wanajeshi wa Kenya na Uganda walifyatuliana risasi pale Busia na mpaka ukafungwa, lakini wakati huo sisi tulikuwa tumeshavuka. Shule yote niliyosoma, kuanzia kalamu ya risasi hadi cheti cha ualimu, niliisoma ng'ambo, na ndiyo sababu Kiswahili changu kina lafudhi ambayo mpaka leo ndugu zangu wa Tororo wanaicheka. Nilirudi mwaka 2004.

Kabla ya kuvuka tulilala siku mbili ndani ya mafunjo, kwenye kinamasi. Nyanya yetu hakuwa amesoma, lakini alikuwa na kanuni moja aliyotufundisha watoto usiku wa kwanza. Vyura wakiimba, laleni. Vyura wakinyamaza, shikeni pumzi. Chura akisikia mguu wa mtu hunyamaza, na yule wa pili naye hunyamaza, mpaka ukimya unatembea juu ya maji kumfuata yule anayekuja. Tulilala chini ya kelele za maelfu ya vyura kama watoto wa mfalme. Kilichotuamsha usiku wa pili ni ukimya. Hakuna aliyetugusa, waliokuwa wakipita walipita, na baada ya muda chura mmoja akaanza, akafuatwa na wenzake. Mpaka leo sijasikia wimbo wa kumshinda yule chura wa kwanza.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba watu wa Uswidi waliwekwa ndani ya msitu usio na ndege, mdudu wala upepo, na miili yao ikakataa kutulia, mimi sishangai hata kidogo. Msitu ulio kimya ni msitu ambao kuna kitu kinakuja. Ndege hulia kwa raha pale ambapo hakuna mwindaji. Nyenje huendelea na kazi yake pale ambapo hakuna mguu. Sauti hizo si mapambo ya msitu. Ni ripoti ya usalama inayosomwa kila dakika, na mwili wa binadamu umeisikiliza ripoti hiyo tangu enzi za babu zetu. Ikikoma, moyo unajua kabla akili haijajua.

Hapo ndipo naona hatari ya kuichukua dawa hii kama ilivyofungwa kiwandani na kuileta kwetu.

Ndugu yangu mmoja aliyekuwa akiishi Ulaya alirudi likizo na miwani hiyo ndani ya begi. Tukaipeleka sokoni Busia, kwa akina mama wauzao omena, wateja wangu wa siku nyingi. Ndani yake mlikuwa na msitu wa misonobari, kijito kinachotiririka, na ndege wa huko wanaolia kwa sauti nyembamba. Mama wa kwanza aliivaa, akageuza kichwa kushoto na kulia, akakaa kimya kwa muda. Tukadhani ametulia. Kisha akaivua.

"Mwalimu, watu wa hapa wamekwenda wapi?"

Nikamwambia ni msitu tu, hakuna watu.

"Hata jogoo hakuna. Mbuzi hakuna. Msitu usio na jogoo karibu ni wa kupotea, si wa kupumzika."

Wenzake wakacheka sana. Wa pili aliivaa, akasema maji yale yanampa hamu ya kwenda haja. Lakini wa tatu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliivaa akaketi nayo karibu robo saa, mikono magotini, na alipoivua alisema tu kwamba kichwa kimepungua. Aliomba kuirudia kesho yake. Kwa hiyo sitaki kusema haifanyi kazi. Nasema sauti inayomtuliza mtu ina kwao, na kwao kwa wengi wetu huku ni mahali ambapo jogoo anawika, mbuzi analia na mtoto anaitwa aje kula.

Chukueni mfano wa mvua. Katika simu, mvua ndiyo mfalme wa sauti za kulalia. Lakini mueleze mtu aliyeanika magunia matatu ya omena juani kwamba mvua inatuliza! Mweleze mwenye mitumba iliyotandazwa juu ya turubai. Sauti ile ile ya matone inayomlaza mtu wa Stockholm inamfanya mfanyabiashara wa Busia aruke kitandani akitafuta nailoni.

Na wapo wenye vidonda vikubwa kuliko omena iliyolowa. Itakumbukwa kwamba mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi nchini Kenya, safari hii Wakenya ndio waliovuka kuja Uganda kupitia Busia na Malaba, na wengi wakapokelewa Mulanda hapa Tororo kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kuna mama mmoja, aliyekwisha kurudi kwao na sasa huleta viazi mpakani, aliyeniambia kwamba kitu asichoweza kukisikia hadi leo ni ng'ombe anayelia usiku. Walipokimbia waliacha ng'ombe bila kukamuliwa, na walipojificha kwa jirani waliwasikia wakilia kwa maumivu ya viwele mpaka asubuhi. Sauti ya ng'ombe ni sauti ya asili kama nyingine yoyote. Hakuna mtafiti ambaye angeiogopa. Mtu akimvalisha mama huyo miwani yenye malisho mazuri ya kijani na ng'ombe wake, atakuwa amemrudisha usiku ule ule.

Kwa ajili hiyo nawaomba wahudumu wa afya, washauri nasaha na mashirika yanayowahudumia waliorejea makwao, ambao najua muda si mrefu wataletewa vifaa hivi na wafadhili. Kabla ya kumvalisha mtu miwani, muulizeni alijificha wapi, na alisikia nini. Swali hilo halihitaji umeme.

Jambo la pili ni gharama, na hapa nina habari njema kwa wenye mifuko kama yangu. Ikiwa kazi kubwa inafanywa na sauti, basi miwani si ya lazima. Wale 295 wa Ujerumani hawakuvaa miwani yoyote. Redio ndogo inatosha. Simu inatosha. Na si lazima iwe misonobari. Kuna hazina ya mtandaoni iitwayo Xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambamo watu wa dunia nzima huweka sauti za ndege, na mtu anaweza kumsikiliza humo korongo taji wetu, yule aliye kwenye bendera ya Uganda, bila malipo. Wanafunzi wangu wengi wamemwona korongo kwenye bendera kila asubuhi ya gwaride. Niliwachezea sauti yake darasani na hawakujua ni nani. Mmoja alidhani ni honi ya gari la abiria.

Lilinichekesha, kisha halikunichekesha. Korongo taji aliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni kwamba vinamasi anamozalia vinageuzwa mashamba.

Tunacho kinamasi chetu. Sio-Siteko kinalalia nchi zote mbili, mto Sio ukipita kati na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Kenya, kinamasi cha Sio Port na mbuga za nyasi za Busia zimeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege. Humo hufika mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo anayezalia kusini, katika nyanda za juu za nchi kama Tanzania na Malawi, kisha huja kukaa kwetu na kwa jirani msimu wa huko unapobadilika. Anavuka mipaka kila mwaka na hajawahi kuulizwa kipande.

Mwaka jana nilikwenda pale mtoni alfajiri na simu yangu, nikaiweka juu ya jiwe na kukaa mbali nayo. Nilitaka sauti za kwetu. Nilizipata. Vyura kwanza, kisha jogoo kutoka ng'ambo, kisha kwarara na ule ukelele wao usio na adabu, kisha kwera wengi wakigombana kwenye mafunjo, mtu anakohoa, ndoo inagonga jiwe, maji yanachotwa. Halafu pikipiki ya kwanza, na baada yake huwezi kusikia kitu kingine. Sehemu safi ilikuwa dakika kumi na moja.

Dakika hizo kumi na moja ndizo ninazowachezea darasa la mchana, baada ya chakula, madirisha yakiwa yamefungwa upande wa barabara. Sijapima mapigo ya moyo ya mtoto yeyote na sitadai kitu nisichokipima. Ninachokiona ni kwamba mabega yanashuka, na mimi mwenyewe sauti yangu inashuka, kwa hiyo hatupigiani kelele kwa muda mfupi baada ya hapo. Yule mama wa omena asiye na maneno mengi aliomba nimtumie kwenye simu. Safari hii hakuna aliyeuliza watu wamekwenda wapi, maana yupo anayekohoa.

Lakini kurekodi si kuhifadhi. Ukikausha kinamasi ukapanda mpunga au ukafyatua matofali, simu itakuwa na sauti ya kitu ambacho hakipo tena, na hiyo nadhani ni huzuni mpya ambayo hata Waswidi hawajaipima. Kinamasi cha Sio-Siteko kimeingizwa katika mipango ya pamoja ya nchi hizi mbili kupitia ushirikiano wa Bonde la Nile. Mipango ipo, warsha zilifanyika, fulana tulizivaa. Anayepita kando ya mto leo ataona majembe yanavyoisogelea mipango hiyo.

Na tusijidanganye kwamba visikizi masikioni vitamwokoa mtu anayelala mita chache kutoka kwenye spika. Kelele nayo ina sheria. Uganda ilitunga kanuni zake za viwango vya kelele mwaka 2003. Kenya ikatunga za kwake mwaka 2009. Zote mbili zinatofautisha mchana na usiku, na zote zinayapa makazi viwango vya chini kuliko maeneo ya viwanda. Utekelezaji umekabidhiwa mamlaka za mazingira, ambazo kwa bahati njema zinaitwa NEMA huku na NEMA kule. Shida ni kwamba sauti haigongi muhuri. Klabu ikifungua spika upande mmoja wa mpaka, anayekosa usingizi yuko upande wa pili, na akilalamika anaambiwa hilo si eneo letu. Pale Sofia na Marachi, ambako nyumba za nchi mbili zinatazamana dirisha kwa dirisha, nimesikia jibu hilo likitolewa kwa heshima kabisa.

Kabla ya pikipiki, mji huu ulijulikana kwa chombo kimya. Neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, zikiwa na kengele tu. Wazee bado wanawakumbuka waliokuwa wakipiga kengele kwa mtindo wao, mteja akajua anayekuja ni nani. Sitaki turudi kwenye baiskeli. Natumia pikipiki mwenyewe ninapochelewa, na nachelewa mara nyingi. Nakumbusha tu kwamba kelele tunayoiita ya kawaida ya Busia ina umri mdogo kuliko wengi wa wanaoivumilia.

Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia. Maafisa wa nchi mbili sasa wanakaa chini ya paa moja, na mfanyabiashara anahudumiwa sehemu moja badala ya mbili. Kama walivyoweza kuunganisha mihuri, naamini wanaweza kuunganisha na hili. Wakubaliane saa moja ya usiku, iwe ile ile Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, ambayo baada yake vipaza sauti vya nje vinazimwa, viwe vya klabu au vya kanisa. Mwenye kulalamika aruhusiwe kuandikisha malalamiko katika dawati lolote lililo karibu naye. Trela zinazongoja zaidi ya usiku mmoja ziwe na uwanja wa kuegesha ulio mbali na nyumba za kulala, injini zikiwa zimezimwa. Tuliona Januari 2022, foleni za malori zilipovimba kwa sababu ya vipimo vya korona na mafuta yakapanda bei Uganda, jinsi vijiji vya kando ya barabara vilivyogeuka gereji kwa siku nyingi. Hakuna aliyekuwa amejiandaa, na sijui aliyejiandaa kwa foleni ijayo.

Halmashauri za wilaya na serikali ya kaunti ziweke alama zinazoonekana za mpaka wa kinamasi cha Sio-Siteko, pande zote mbili, kabla ya msimu ujao wa kulima. Wanaolima humo si maadui, wengi ni jirani zangu waliorudi wakakuta mashamba ya baba zao yana wenyewe. Hao wapewe kwanza mahali pengine pa kulima, ndipo waambiwe watoke.